Mashine ya kusafishia mazulia inapokataa kutoa maji: Usikimbilie kulaumu pampu

MASHINE ya kusafishia mazulia si kitu kigeni tena katika nyumba za Malindi, Watamu na mji wa Kilifi. Nyingine hununuliwa madukani Mombasa, nyingine ni mitumba kutoka Uingereza, na nyingine huletwa na jamaa wanaofanya kazi Dubai, Muscat au Marekani. Wapo wanaozitumia kwa zulia la sebuleni pekee, na wapo waliozigeuza kitega uchumi, wakiitwa kusafisha makochi na mazulia katika nyumba za wageni, kumbi za harusi na misikiti, hasa siku za kuelekea mwezi mtukufu wa Ramadhani.

Hata hivyo, malalamiko ya wenye mashine hizi hufanana. Mashine huwashwa, ikanguruma na kufyonza kama kawaida, lakini hata tone la maji halitoki. Brashi huzunguka juu ya zulia kavu. Mwenye mashine hukata kauli kwamba pampu imekufa, naye fundi asiyetaka kujisumbua humwitikia. Pampu mpya huagizwa kutoka mbali kwa gharama isiyo ndogo, na ikishafungwa, tatizo hubaki pale pale au hurudi baada ya muda mfupi.

Kwa anayeitegemea mashine hiyo kupata riziki, hasara ni maradufu: hulipia kipuri asichokihitaji na hupoteza wateja wakati mashine ikiwa imelala. Aghalabu kosa huwa si la pampu. Katika ukanda huu wa Pwani, mshukiwa wa kwanza anapaswa kuwa maji yenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi mashine inavyofanya kazi, kwa nini maji ya hapa huiziba, na hatua za kufuata kwa utaratibu kabla ya kuifungua pampu au kuitupa mashine.

Safari ya maji ndani ya mashine

Ingawa mashine hizi hutofautiana kwa umbo, karibu zote zina mifumo miwili iliyotengana. Mfumo wa kwanza hutoa maji safi na mfumo wa pili hufyonza maji machafu. Ndiyo sababu mashine inaweza kunguruma na kufyonza vizuri huku ikiwa haitoi maji hata kidogo. Ngurumo unayoisikia ni ya mota ya kufyonza, wala si ithibati kwamba pampu ya maji inafanya kazi.

Maji safi huanza safari katika tangi. Chini ya tangi mna valvu yenye springi ambayo hufunguka tu tangi linapokaa sawasawa mahali pake. Chini ya valvu hiyo huwa na chujio dogo la waya au plastiki. Kutoka hapo maji huingia katika pampu, hupita kwenye mpira mwembamba, hufika kwenye valvu inayofunguliwa na kitufe cha mkononi, na hatimaye hutoka katika matundu madogo yanayonyunyizia zulia. Katika mashine nyingi kuna njia panda: swichi moja huyaelekeza maji ama chini kwenye brashi, ama kwenye mpira wa mkononi unaotumika kusafishia makochi na ngazi.

Kwa hivyo, maji yasipotoka, ni lazima yamekwama katika mojawapo ya vituo hivyo: tangi, chujio, pampu, mpira, valvu au matundu. Kazi ya mtafuta kosa ni kuvipitia kimoja baada ya kingine, akianza na kile kilicho rahisi na kisichohitaji bisibisi.

Kwa nini maji ya Pwani huziba mashine

Ardhi ya mwambao wa Malindi na Kilifi imekaa juu ya mawe ya matumbawe, mabaki ya miamba iliyojengwa baharini zama za kale. Mawe hayo ndiyo yaliyojengea nyumba na misikiti ya mji wa kale wa Gede, ambao mwaka wa 2024 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia. Mawe hayo hayo yakichomwa hutoa chokaa iliyotumiwa na waashi wa Pwani kwa karne nyingi.

Maji ya mvua yanapopenya ardhini hubeba hewa ya kaboni kutoka angani na kwenye udongo, yakawa na ukali kidogo. Ukali huo huyeyusha jiwe la matumbawe polepole, na chokaa ikachanganyika na maji bila kuonekana kwa macho. Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa yamebeba chokaa nyingi. Haya ndiyo yanayoitwa maji magumu. Aidha, visima vilivyo karibu na ufuo huingiwa na maji ya bahari, hasa wakati wa kiangazi ambapo maji huvutwa kwa wingi, na hapo huongezeka chumvi ya kawaida.

Maji hayo yanapopashwa moto au yanapokauka, hewa ya kaboni hutoroka na chokaa hurudi kuwa jiwe. Ukoko mweupe uliomo ndani ya birika la chai katika nyumba nyingi za Pwani ni ushahidi tosha. Jambo hilo hilo hutokea ndani ya mashine. Mwenye mashine humaliza kazi, akaiweka kando bila kuikausha. Maji yaliyobaki katika matundu hukauka, na chokaa hubaki. Mara inayofuata huongezeka utando mwingine juu ya ule wa awali.

Hesabu ndogo inaweza kusaidia. Tuseme maji ya kisima fulani yana miligramu 300 za chokaa kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani (WHO) hueleza kwamba maji yakipita takriban miligramu 200 kwa lita huweza kuacha ukoko katika mabomba na matangi. Mashine yenye tangi la lita nne ikijazwa mara 50 itakuwa imepitisha lita 200, yaani gramu 60 za chokaa. Sehemu kubwa hutoka pamoja na maji. Lakini hata gramu moja ikibaki mahali pabaya, inatosha kuziba matundu ambayo kila moja halizidi kichwa cha pini.

Maji ya mfereji nayo yana hadithi yake. Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa hupata maji kutoka visima vya Baricho, vilivyochimbwa katika mchanga kandokando ya mto Sabaki. Mto huo ndio ule unaoitwa Athi huko juu na Galana baada ya kukutana na mto Tsavo, kabla ya kumwaga maji yake mekundu baharini kaskazini mwa Malindi. Mchanga wa Baricho huyachuja maji kabla hayajavutwa. Hata hivyo, mifereji inapokauka kwa siku kadhaa kisha maji yakarudi, hubeba kutu na tope lililotulia mabombani. Isitoshe, wakati wa uhaba watu hununua maji ya mitungi ya lita 20 kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni, na si rahisi kujua iwapo mtungi ulijazwa kwenye mfereji au kwenye kisima cha maji ya chumvi.

Hatua ya kwanza: Mambo madogo yanayosahaulika

Kabla ya kugusa kitu chochote ndani ya mashine, chomoa plagi kutoka ukutani. Maji na umeme havipatani, na kuzima swichi ya mashine pekee hakutoshi.

Kwanza, toa tangi la maji safi na ulirudishe kwa uangalifu hadi lisikike likikaa. Tangi lililoinama kidogo halifungui valvu yake. Pili, hakikisha kifuniko cha tangi kina tundu la kupitisha hewa na kwamba tundu hilo halijazibwa na sabuni iliyokauka. Maji hayawezi kutoka ikiwa hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Njia ya kutambua hili ni rahisi: legeza kifuniko kidogo kisha ujaribu mashine. Maji yakitoka, umepata chanzo.

Tatu, tazama swichi ya njia panda. Ikiwa imeelekezwa kwenye mpira wa mkononi, hakuna maji yatakayofika kwenye brashi. Nne, mashine nyingi za kusimama hazinyunyizi maji mpini ukiwa wima. Ni lazima uinamishwe kama unavyofanyika wakati wa kazi. Tano, tazama tangi la maji machafu. Humo mna boya linalopanda maji yakijaa na kuziba njia ya hewa, na mlio wa mota hubadilika ukawa mwembamba na wa juu. Povu jingi la sabuni linaweza kulipandisha boya hilo hata kabla ya tangi kujaa. Zipo mashine ambazo utoaji wa maji nao hutatizika kufyonza kunapokatika. Mwaga tangi hilo, lioshe, kisha ujaribu tena.

Hatua ya pili: Je, maji yanatoka katika tangi?

Jaza tangi nusu, lishike juu ya karai, kisha ubonyeze valvu ya chini kwa kidole. Maji yanapaswa kuchuruzika bila kusita. Yakidondoka kwa shida, valvu imeganda kwa ukoko au sabuni. Iloweke katika maji ya uvuguvugu yaliyotiwa siki, kisha uibonyeze mara kadhaa hadi springi yake iwe nyepesi.

Chini ya mahali tangi linapokaa, tafuta chujio. Litoe na ulisugue kwa mswaki mkuukuu. Hapo ndipo panapokutwa mchanga, kutu za bomba na mabonge ya sabuni ya unga isiyoyeyuka. Sabuni ya kufulia nguo haikutengenezewa mashine hizi. Ikikutana na maji magumu hufanya utandu mzito unaoshika kwenye chujio, na povu lake huelekea kwenye boya tulilolitaja. Tumia sabuni ya maji isiyotoa povu jingi, iliyokusudiwa mashine za mazulia, na kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Hatua ya tatu: Linganisha njia mbili za maji

Ikiwa mashine yako ina mpira wa mkononi, hapa ndipo penye kipimo bora kuliko vyote, nacho hakigharimu hata senti. Elekeza swichi kwenye mpira wa mkononi, shikilia mdomo wake juu ya ndoo, kisha ubonyeze kitufe.

Maji yakitoka kwa nguvu kwenye mpira wa mkononi lakini hayatoki kwenye brashi, basi pampu ni nzima. Usikubali mtu akuuzie nyingine. Kosa liko kwenye matundu ya chini, kwenye mpira unaoelekea huko, au kwenye swichi ya njia panda. Kinyume chake, maji yakitoka chini na yakakataa kutoka kwenye mpira wa mkononi, basi mdomo wa mpira huo au valvu yake imeziba. Yakikataa kotekote, tatizo liko kabla ya njia panda: chujio, hewa iliyonaswa, mkanda au pampu yenyewe.

Kwa matundu ya brashi, chomoa sehemu hiyo ikiwa imetengenezwa ya kuchomoka, na uitazame kwenye mwanga. Usitumie msumari wala waya mnene kuzibua. Tundu likipanuka, maji hayatanyunyizika tena kama feni bali yatamwagika mahali pamoja na kulilowesha zulia kupita kiasi. Sindano nyembamba inayozungushwa polepole, pamoja na kuloweka katika siki, inatosha.

Hatua ya nne: Hewa iliyonaswa na mkanda uliokatika

Mashine iliyokaa kabatini miezi mingi, au iliyoendeshwa tangi likiwa tupu, huweza kunasa hewa ndani ya pampu. Pampu hiyo ndogo ina uwezo wa kusukuma maji, lakini hushindwa kuivuta hewa kikamilifu. Dawa yake ni kujaza tangi hadi juu, kushusha mdomo wa mpira wa mkononi chini ya kiwango cha tangi, kisha kubonyeza kitufe mfululizo kwa muda wa dakika moja hivi. Maji yakianza kutoka kwa kukatikakatika, endelea hadi mkondo utulie.

Baadhi ya mashine hazina pampu yenye mota yake. Pampu yao huzungushwa kwa mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota kubwa. Katika mashine za aina hii mkanda ukikatika au ukilegea, ngurumo haibadiliki lakini pampu haizunguki. Mkanda ni kipuri cha bei nafuu mno kikilinganishwa na pampu, na joto la Pwani huukausha mpira upesi. Kwa hiyo uuangalie kabla ya kuamua jambo lingine lolote.

Kwa mashine zenye pampu ya umeme, weka kiganja karibu na pampu wakati msaidizi anabonyeza kitufe, mfuniko ukiwa umefungwa. Ukihisi mtetemo au kusikia mvumo mdogo tofauti na ngurumo ya kufyonza, pampu inapata umeme. Kilichobaki ni kizibo mbele au nyuma yake. Pakiwa kimya kabisa, huenda waya umeshika kutu na kuachana, swichi ndogo ya kitufe imeharibika, au pampu imeungua kweli. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula viungo vya shaba hata ndani ya nyumba, hivyo waya ulioliwa na kutu ni ugonjwa wa kawaida hapa. Kufikia hatua hii, kazi ni ya fundi wa umeme aliye na kipima umeme, wala si ya kubahatisha.

Mashine zilizotoka ng'ambo

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240 na mapigo 50 kwa sekunde. Mashine zilizotoka Uingereza au Dubai hufanya kazi hapa bila matatizo, na hata plagi zake za meno matatu hufanana na zetu. Ya Marekani ni tofauti: imetengenezewa volti 120 na mapigo 60. Ikichomekwa moja kwa moja ukutani, huungua kwa muda mfupi mno.

Kifaa cha kupunguza volti husaidia, mradi kina uwezo wa kubeba mzigo wa mashine yote. Lakini hakibadilishi mapigo. Pampu ndogo za kutetemeka zinazofuata mapigo ya umeme zitasukuma mara 50 pale zilipokusudiwa kusukuma mara 60, na maji yatapungua. Mwenye mashine ya namna hiyo asishangae akiona mnyunyizo hafifu, wala asiihesabu kuwa mbovu. Kwa sababu hiyo, anayeagiza mashine kutoka kwa jamaa aliye ng'ambo ni bora aombe apigiwe picha ya kibati chenye maandishi ya volti kabla mzigo haujasafirishwa.

Jinsi ya kuondoa ukoko

Kwanza, tambua kilichoziba. Chukua chembe ya uchafu uliotoka kwenye matundu au chujio. Uuweke katika maji ya uvuguvugu. Ukiyeyuka, ni chumvi ya kawaida au sabuni, na kusuuza kwa maji matamu kunatosha. Usipoyeyuka, udondoshee siki. Ukitoa mapovu madogo, ni chokaa, na mapovu hayo ni ile hewa ya kaboni ikitoka. Usipofanya lolote kati ya hayo, ni mchanga, tope au nyuzi za zulia, na huo hutolewa kwa mswaki na maji.

Kwa chokaa, soma kwanza kijitabu cha mashine, kwani wapo watengenezaji wasioruhusu asidi ya aina yoyote ndani ya pampu. Ikiwa hakuna katazo, changanya kipimo kimoja cha siki nyeupe na kipimo kimoja cha maji, ujaze robo ya tangi. Nyunyiza ndani ya ndoo, wala si juu ya zulia, hadi harufu ya siki isikike kwenye mdomo wa maji. Zima mashine na uiache kwa dakika 20 hadi 30, kisha unyunyize tena. Usiiache usiku kucha kwa kuwa asidi hudhoofisha mipira. Mwisho, pitisha matangi mawili ya maji safi.

Tahadhari mbili hazina budi kuzingatiwa. Ya kwanza, usichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, wala usitumie moja mara baada ya nyingine kabla ya kusuuza. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Ya pili, usitie maji yanayochemka. Matangi na viungo vya mashine hizi ni vya plastiki na huweza kupinda au kuvuja.

Kinga ni bora kuliko kuagiza vipuri

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa hapa ni maji unayoyatia. Ili kuyapima, chukua chupa angavu, tia maji hadi nusu, ongeza vipande vidogo vya sabuni ya mche, kisha utikise. Maji matamu yatatoa povu la kutosha, ilhali maji magumu yatakuwa meupe kama yaliyotiwa maziwa, povu likiwa haba.

Maji bora kwa mashine ni ya mvua yaliyovunwa kwenye paa la mabati, kwani hayajapita katika jiwe la matumbawe. Msimu wa mvua ndefu kati ya Aprili na Juni hutoa maji ya kutosha kujaza mapipa ya kutumika baadaye. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, maana maji yake hutoka na rangi ya kahawia inayoweza kutia doa zulia jeupe. Maji ya mvua yakikosekana, tumia ya mfereji yaliyotulia kwenye ndoo usiku mmoja na kuchujwa kwa kitambaa safi. Shabu husaidia kutuliza tope lakini haiondoi chokaa. Kuchemsha maji, kuyaacha yapoe na kumimina sehemu ya juu pekee hupunguza sehemu ya chokaa, ingawa gharama ya mkaa au gesi huifanya njia hii ifae kwa kazi ndogo tu.

Baada ya kila kazi, fanya mambo matatu: pitisha nusu tangi ya maji matamu yasiyo na sabuni, mwaga matangi yote mawili, kisha uyaache wazi yakauke kivulini. Dakika kumi za kazi hiyo huzuia madhara mengi yaliyoelezwa hapa.

Mashine ikikwama katikati ya kazi

Kosa linaweza kujitokeza zulia likiwa limeloa nusu. Usiliache hivyo. Zulia linalokaa na unyevu kwa zaidi ya saa 24 hadi 48 huanza kuota kuvu, na kuvu huwasumbua wenye pumu na watoto wachanga. Kwa kuwa mfumo wa kufyonza umetengana na ule wa maji, endelea kufyonza maji yaliyokwisha kuingia, hata kama hakuna mengine yanayotoka. Kisha litandaze zulia kwenye kamba au ukuta. Wakati wa kaskazi litakauka upesi, lakini wakati wa kusi na mvua za Mei huenda likahitaji feni ndani ya nyumba.

Kwa mashine iliyonunuliwa mpya na bado ina dhamana, usiifungue skrubu. Kufanya hivyo huweza kuivunja dhamana hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili pamoja na maelezo ya kumwezesha kuitumia ipasavyo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa ya mwaka wa 2012 inaongezea nguvu haki hiyo. Hifadhi risiti, andika tarehe ambayo kosa lilianza, na umrudishie muuzaji mashine ikiwa haijaguswa.

Na kwa aliye na mashine ya zamani, umpelekee fundi pamoja na majibu: je, maji hutoka katika tangi, hutoka kwenye mpira wa mkononi, pampu hutetemeka au iko kimya? Fundi mwenye majibu hayo matatu hatahitaji kubahatisha, na mteja aliyejipimia mwenyewe hatauziwa pampu badala ya kusafishiwa chujio.